Risasi ni Risasi: Kalibu ya Baba Neema (Zamu ya Usiku, Sehemu ya 9)

Poleni kwa kusubiri, wiki hii nimepiga zamu nne mfululizo na usingizi ulinidai deni lake lote.

Sehemu ya 8 tuliongea juu ya upungufu wa damu kwa watoto. Wengi mmeniuliza kama madini ya chuma yana kazi nyingine mwilini. Yana kazi nyingi, na moja wapo itatokea humu. Ila leo naanzia mbali kidogo: naanzia kwenye kalibu ya kusubu vichwa vya risasi. Usiondoke, nesi wako hajachanganyikiwa.

Sisi Waswahili tuna neno moja kwa vitu viwili. Ile metali ya kijivu, laini, nzito, tunaiita risasi. Kile kinachotoka kwenye bunduki, nacho tunakiita risasi. Neno lilitujia kutoka Kiarabu na halikuona haja ya kugawanyika. Kalibu nalo lilipita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ukisema "kalibu ya risasi" umetaja chombo, metali na kitu kinachotengenezwa, yote kwa pumzi moja. Shikilia hapo, tutarudi.

Mume wangu, Baba Neema, amekulia Taita. Kule bunduki unaiona begani kwa askari tu. Sasa tunaishi Minnesota, na huku kijana wa miaka kumi na miwili anaenda kuwinda na babu yake na hakuna anayeshangaa. Kazini kwao yuko mzee mmoja Mmarekani aliyempenda, akamfundisha kulenga shabaha, mwisho akamuuzia bunduki yake ya zamani, ndogo, aina ya .22 Hornet. Hawindi mtu wala mnyama. Anatoboa karatasi, halafu anakuja nyumbani kunionyesha matundu kana kwamba ni matokeo ya KCSE.

Shida ya bunduki ile ni uzee wake. Vichwa vya dukani ni ghali, na kalibu za kawaida zinatoa vichwa vinene na virefu kupita mtutu wake unavyotaka. Mzee akamwambia, agiza kalibu ya kuchongewa. Wako mafundi huku ambao unawatumia vipimo vyako na wao wanakuchongea.

Kwa nini aliniita mimi mezani? Kwa sababu ya nukta. Nesi anaishi kwa nukta. Dawa ya 0.5 na ya 5 zinatofautiana kwa kidoti kimoja tu, na kidoti hicho kinaweza kuzika mtu. Basi nikavuta kiti.

Kwanza mtutu wenyewe unapimwa. Unasukuma kipande cha risasi laini ndani yake, kinatoka kimechorwa mifereji, unakipima kwa maikromita. Wa kwake ulisoma inchi 0.223. Kichwa cha kusubu kinatakiwa kizidi hapo kwa elfu moja hivi ya inchi ili kizibe vizuri, kwa hiyo tukaandika 0.224. Niseme yeye aliandika 0.242. Nikamwambia, Baba Neema, nisomee tena kwa sauti, tarakimu moja moja. Akasoma, akanyamaza, akafuta. Kazini kwetu hiyo ndiyo kawaida: agizo la simu unalirudia kwa sauti kabla hujagusa dawa.

Pili, uzito. Mifereji ya mtutu huu inazunguka polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 16. Kichwa kirefu hakitulii humo, kinayumba hewani. Akachagua kifupi cha greni 45, karibu gramu 2.9. Kilo moja ya metali inatoa zaidi ya vichwa 340.

Tatu, kitako. Gesi ya baruti ni moto mkali, inaweza kulamba kitako cha kichwa laini. Ndiyo maana kinavalishwa kikofia kidogo cha shaba nyekundu, na lazima kalibu ichongwe na ngazi ya kukipokea.

Nne, mchanganyiko. Fundi anakuuliza unasubu metali gani, maana risasi tupu na risasi iliyotiwa bati na antimoni hazisinyai sawa zinapopoa. Kalibu ile ile itakupa vipimo viwili.

Tano, kalibu yenyewe ni ya nini. Chuma kinadumu lakini kinashika kutu. Shaba ya njano ni nzito na inatunza joto. Aluminiamu ni nyepesi na inapata moto haraka, na kwa vichwa vidogo namna hii hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa metali kidogo inaleta joto kidogo, na kalibu baridi inatoa vichwa vyenye mikunjo. Akachagua aluminiamu.

Sita, matundu mangapi: mawili au manne? Hapo tulikuwa hatujaamua. Agizo likabaki halijatumwa.

Wiki hiyo hiyo nikampeleka Neema kliniki. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Huku watoto wengi wa umri huo wanapimwa kiwango cha risasi kwenye damu. Kidole kikatoa 4.1. Kidole kinaweza kudanganya, uchafu wa ngozi unaingia kwenye tone, kwa hiyo tukarudia kwa damu ya mshipani. Ikaja 3.8, mikrogramu kwa desilita.

Tangu 2021 Marekani inatumia 3.5 kama mstari wa kuuliza: mtoto huyu anaipata wapi? Si mstari wa usalama, nawaomba mnielewe. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Dawa za kuitoa mwilini zinafikiriwa kuanzia 45. Chini ya hapo tiba ni moja tu: tafuta inakotoka, ukate.

Basi nesi akageuka mpelelezi nyumbani kwake. Rangi ya ukutani? Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, jengo letu ni la juzi. Wanja? Sijampaka, na nyinyi mnaopaka watoto mjue baadhi ya wanja umejaa risasi. Masufuria ya kusubu kwa vyuma chakavu yameonekana kutoa risasi kwenye chakula, ila letu moja tulilotoka nalo Mombasa ni pambo tu, halijawahi kuona jiko la huku. Manjano? Tunasaga wenyewe.

Nikaangalia mlangoni. Viatu vya Baba Neema. Koti lake. Na Neema ndiyo kwanza anatambaa, kila anachookota kinaishia mdomoni.

Ukumbi anakolengea wakati wa baridi ni wa ndani. Kila mlio, ile fataki inayowasha baruti inatoa vumbi la risasi, maana fataki nyingi zina kemikali yenye risasi ndani. Vumbi linakaa kwenye mikono, mikono inakaa kwenye usukani, koti linakaa kwenye kiti, mtoto anakaa kwenye koti. Na hapo hata sufuria ya kuyeyushia ilikuwa bado haijawashwa.

Watu wanadhani hatari ya kusubu ni moshi. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, na kwa joto la kawaida la kusubu mvuke wake ni mdogo sana. Hatari kubwa ni lile povu la kijivu unaloengua juu. Likikauka ni unga. Halionekani hewani, halina harufu, na haliungui mkono kukuonya.

Mtoto anafyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Ikiwa damu yake haina chuma cha kutosha, au anakosa kalisi, anafyonza zaidi, kwa sababu mwili wenye njaa ya madini unapokea hata mgeni mbaya. (Ndiyo kazi niliyowaahidi mwanzo.) Kutoka kwenye damu inaenda kujificha kwenye mifupa, na huko inakaa miaka na miaka. Msichana akikua akabeba mimba, mifupa inaitoa tena. Yaani Neema anaweza kumrithisha mtoto wake vumbi la koti la babu yake.

Hilo ndilo nililomwambia Baba Neema usiku ule. Sikupiga kelele. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mama Neema, niifute oda?"

Hapa ndipo wengine mtanishangaa. Nilimwambia asifute. Huyu mtu ameshinda miaka sita akipakia maboksi usiku, na hicho kibunduki ndicho kitu pekee huku kinachomfanya acheke kama nyumbani. Nilisema hivi: kalibu ni yako, mahali na sheria nitaweka mimi.

Matundu yakawa manne. Vichwa vingi kwa muda mfupi, saa chache juu ya sufuria. Banda letu la gari likatoka kabisa, maana Januari ya Minnesota huwezi kufungua mlango huo bila kuganda. Anasubu kwa yule mzee, ghalani, milango wazi, kiangazi tu. Nguo na viatu vinabaki kule na vinafuliwa peke yake. Povu linaingia kwenye kopo lenye kifuniko. Hakuna kula wala kunywa pale. Hakuna ufagio mkavu, ni kitambaa chenye maji. Mikono ni sabuni na maji, kwa sababu ile dawa ya kupaka mikononi inaua vijidudu lakini risasi haiiondoi. Na kabla hajambeba mtoto, anaoga.

Yeye naye nilimpima. 11. Alidhani ni mzima kwa kuwa haumwi. Kwa mtu mzima inapandisha presha na kuharibu figo kimya kimya.

Mlioko nyumbani msiseme hii ni habari ya Wamarekani. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alifanya kazi hapo, mtoto wake akaugua, damu ikaonyesha risasi, naye hakunyamaza. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ikaagiza wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Na wewe unayesubu vyuma vya nyavu kwa betri ya gari ufukweni, au jirani yako anayevunja betri uani, mko kwenye sehemu hii ya 9.

Kwa hiyo fanya hivi: uliza nani nyumbani anagusa risasi. Fundi betri, fundi redieta, mvuvi, askari, mlenga shabaha. Viatu viishie mlangoni. Mtoto ale maharage, mboga za majani, dagaa, maziwa. Na pakiwepo kipimo karibu, mpime, usisubiri dalili. Mara nyingi hazipo. Zikija ni tumbo kuuma, choo kigumu, ukali usioeleweka, mambo ambayo kila mama ameshayaona kwa mtoto mzima.

Miezi mitatu baadaye Neema alisoma 2.1. Baba Neema bado yuko 7, anashuka polepole, mifupa yake inalipa deni kwa awamu. Kalibu ilifika mwezi Mei, ndogo, inang'aa, vipimo vyake sawasawa. Iko ghalani kwa mzee, kwangu haijawahi kuvuka kizingiti.

Sehemu ya 10 ni presha ya wajawazito. Wenye maswali yaacheni hapo chini, nitajibu nikiamka.