Barua kutoka Uingereza: Laini kwa alama za vidole, waifai kwa 12345678

Ndugu zangu wa Kilosa na Mikumi, nina neno, na mniwie radhi likiwa kali. Tangu 2019 mnasajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kwa wakala mnafunika namba ya siri ya pesa kwa kiganja, na mtoto akichungulia anagombezwa. Halafu laini hiyo hiyo inachomekwa kwenye ruta ambayo neno lake la siri ni 12345678, limeandikwa kwa kalamu ya maka na kubandikwa kaunta ya gesti kando ya barabara kuu ya Iringa, kila abiria alisome. Kinachotendwa kupitia ruta hiyo kinahesabika kimetoka kwenye laini yenye jina lako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na mpelelezi ana kila sababu ya kuanza na mwenye laini.

Huku boksi la intaneti huja na kibandiko mgongoni chenye neno la siri refu, la boksi hilo peke yake. La jirani ni jingine. Msidhani ni werevu. Wapo Waingereza tele ambao hawajawahi kufungua ukurasa wa mipangilio ya ruta zao. Kinachowabeba ni sheria: tangu tarehe 29 Aprili 2024 ni marufuku kuuza hapa kifaa cha nyumbani cha kuunga kwenye intaneti ambacho neno lake la siri ni lile lile kwa vifaa vyote, na kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini hadi pauni milioni 10 au asilimia 4 ya mapato yake ya dunia nzima. Dunia ilikuwa imeshaonja kipigo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu jozi zipatazo 60 tu za majina na maneno ya siri ya kiwandani, "admin" na "admin" ikiwemo, ikateka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu. Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya Wazungu. Jeshi la vifaa vya namna hiyo ndilo Mwingereza Daniel Kaye alilotumia kuishambulia Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, akahukumiwa kifungo cha miezi 32 mwaka 2019. Sheria ya Uingereza haivuki bahari. Ruta unayonunua Kariakoo ukashuka nayo stesheni ya SGR Kilosa inakutegemea wewe.

Mtaniambia pesa ya simu haiibiwi kwa waifai. Nakubali kwa sehemu, maana sipendi wanaowatisha watu bure. Menyu ya nyota na reli haipiti kwenye waifai kabisa, na tovuti nyingi siku hizi hufunga mawasiliano yake kwa usimbaji. Hatari kubwa iko kwenye ruta yenyewe. Aliyeingia kwenye mipangilio yake anaweza kubadilisha anwani za DNS, yaani pale ruta inapouliza njia ya kufika kila tovuti. Unaandika jina sahihi la benki, unapelekwa kwenye ukurasa wa kughushi. Kivinjari kikitoa onyo, wangapi husoma kabla ya kubonyeza "endelea"? Brazil yaliwakuta: modemu zipatazo milioni 4.5 zilichezewa hivyo, wataalamu wa usalama wa kompyuta wa Kaspersky wakaeleza mwaka 2012.

Kwa hiyo kaeni na ruta walau nusu saa. Anwani ya mipangilio, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, imechapwa chini ya boksi. Badilisha kwanza neno la siri la msimamizi, ambalo si lile la waifai. Wengi hubadilisha la pili wakaliacha la kwanza. Kwenye aina ya ulinzi wa waifai chagua WPA3, isipokuwepo WPA2. Ile ya zamani, WEP, ilivunjwa tangu 2001, na boksi lisilo na kingine ni la kutupa. Zima WPS, yaani njia ya mkato ya kuunganisha vifaa, na sasisha programu ya ruta. Neno la waifai lazima lifike herufi 8, ndiyo maana 12345678 imeenea: ni uvivu uliogota kwenye kiwango cha chini kabisa. Nafasi zipo hadi 63. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, unganisheni maneno manne ya kikwenu yasiyohusiana, wala si jina la mtoto au namba ya simu.

Kumnyima jirani ni uchoyo, mtasema, na shangazi akija akaambiwa asubiri atanuna. Basi msimnyime. Ruta nyingi zina mtandao wa pili wa wageni. Mpeni huo, bando lipungue lakini mipangilio yenu asiifikie. Wenye gesti na loji zinazopokea watalii wa Hifadhi ya Mikumi, kwenu hili ni wajibu. Kompyuta ya mapokezi iliyojaa nakala za pasipoti haipaswi kukaa mtandao mmoja na simu ya kila mpita njia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamdai anayetunza taarifa za watu azilinde. Anzeni na kompyuta hiyo, wiki hii.