Picha Irudi kwa Mwenyewe

Upigaji picha wa kujitegemea jijini Dar es Salaam ni kazi isiyo na mwajiri wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Mpiga picha anayeelezwa hapa, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, ameifanya akiwa mkazi wa Upanga tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Harusi na mikutano ya maofisini ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Safari za milimani na visiwani zilifuata, na nyuma ya safari ikaja kazi ya kujitolea, ambayo leo ndiyo anayoihesabu kuwa kazi yake hasa. Kanuni yake ni moja: picha ya mtu haijakamilika mpaka nakala yake imfikie aliyepigwa.

Upanga inafaa kwa kazi ya namna hii. Upande mmoja iko Hospitali ya Muhimbili, upande mwingine Barabara ya Ali Hassan Mwinyi inayoshuka kuelekea Daraja la Salenda, na kutoka kituo cha Fire mtu hufika Kariakoo kwa miguu. Fleti nyingi za mtaa huo zina veranda ndefu zenye kamba za kuanikia nguo, na veranda hizo zitatajwa tena mbele kwa sababu zimefanya kazi kubwa kuliko chumba chochote cha ofisi.

Ufundi ulianzia kwenye studio ya mtaani, yenye pazia la bluu la picha za paspoti na chumba cha giza nyuma. Filamu ya picha 36 iligharimu mara mbili, kuinunua na kuisafisha, kwa hiyo kila kubonyeza kulikuwa na bei yake. Nidhamu hiyo haikupotea hata kamera za dijitali zilipoenea katika miaka ya 2000. Studio ilifundisha pia jambo ambalo wapiga picha wa safari hulisahau mapema. Mteja alipewa risiti, akarudi nayo kuchukua bahasha yake, na negativu zikatunzwa kwenye boksi lenye tarehe. Hakuna aliyepigwa picha akaondoka asijue aifuate wapi. Mgeni anayepita kijijini na kamera nzuri, akapiga picha za wavuvi na watoto kisha akapanda gari, haachi risiti yoyote.

Vifaa vilitoka Kariakoo. Kamera zilizotumika, memori kadi, chaja na mikanda hupatikana kwenye maduka na meza za huko, na mnunuzi mzoefu huja na kamera yake ili ajaribu kila kitu hapohapo. Kadi hujazwa yote na kusomwa upya kabla pesa haijatoka mfukoni, kwa sababu kadi feki huandika ukubwa isiokuwa nao na kuzifuta picha za mwisho. Betri hupimwa kwa mkono. Feki mara nyingi ni nyepesi, na mlimani huishiwa kabla jua halijachomoza.

Dar es Salaam ina nafasi yake katika historia ya kazi hii kwa sababu ya mtu mmoja. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanza kupiga picha angali mwanafunzi Tanganyika, alianzisha kampuni ya picha ya Camerapix jijini humu mwaka 1963, hata miaka ishirini hajatimiza au ndiyo kwanza anaitimiza. Mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar akipiga picha za siku za Mapinduzi. Mwaka 1966 aliwekwa kizuizini huko, na baadaye akahamishia shughuli zake Nairobi. Oktoba 1984 yeye na mtangazaji Michael Buerk walifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, na taarifa yao iliyorushwa na BBC tarehe 23 mwezi huo iliwafanya mamilioni ya watu waione njaa ambayo serikali nyingi zilikuwa zimeipa kisogo. Tamasha la muziki la hisani la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 lilitokana na msukumo huo. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Ngazija.

Kwa kijana anayeanza kazi Upanga, maisha hayo yalikuwa ushahidi kwamba mtu anaweza kuanzia Dar es Salaam, bila shirika kubwa nyuma yake, na picha zake zikapeleka chakula kwa wenye njaa. Yaliacha pia swali ambalo televisheni haikuundwa kulijibu: kati ya watu wa Korem walioonwa na dunia nzima, ni wangapi waliowahi kujiona? Miradi yote ya kujitolea inayofuata ilizaliwa na swali hilo.

Safari ya kulipwa iliyojirudia kuliko zote ni ya Kilimanjaro. Kampuni za utalii humkodi mpiga picha aandamane na wageni kupitia Machame au Lemosho, na kazi nzima huamuliwa na usiku mmoja. Msafara huondoka kambi ya Barafu karibu na saa sita usiku ili alfajiri uwe Stella Point, mita 5,756, jua likichomoza upande wa kilele cha Mawenzi. Kilele cha Uhuru kiko mbele kidogo, mita 5,895. Baridi huwa chini ya sifuri, na betri iliyojazwa kambini huonyesha imekwisha baada ya picha chache. Dawa yake ni kuzivaa betri kifuani, ndani ya shati, na kuzibadilisha kwa zamu. Iliyopoa ikipata joto la mwili hurudisha nguvu kiasi. Wakati wa kushuka kamera haiingizwi hemani ikiwa wazi, maana hewa ya hemani yenye unyevu wa pumzi hugeuka ukungu kwenye kioo cha lenzi. Hufungwa kwanza kwenye mfuko usiopitisha hewa, ikaachwa ipate joto polepole.

Kileleni kuna jambo jingine la kupiga, nalo halisubiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya 1912 na 2007 Kibo, koni kuu ya Kilimanjaro, ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu. Ndiyo maana kila anapofika huko mpiga picha husimama kwenye jiwe lilelile na kuipiga barafu ya Furtwängler kwa lenzi ileile. Hakuna mteja aliyewahi kuilipia kazi hiyo, lakini picha hizo zikipangwa mezani kwa mfuatano hazihitaji maelezo.

Wageni hushuka na picha zao. Wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa mlimani, hawana. Hubeba mzigo wenye kikomo cha kilo 20 unaopimwa getini, hutangulia kufika kila kambi, na usiku wa kilele wengi wao hubaki chini na mahema. Mradi wa kwanza wa kujitolea ukawa wao: mmoja mmoja, asubuhi, kabla ya kufunga mizigo, Kibo ikiwa nyuma. Picha husafishwa Moshi siku ya kushuka na kugawiwa kabla watu hawajatawanyika. Wengi huomba nakala ya pili, ya mama nyumbani.

Mlima Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, nao hupandwa usiku, safari hii kwa kukwepa joto. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya natrokaboneti, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya kukutana na unyevu. Vumbi lake la magadi huingia kwenye kila tundu la kamera, na safari moja hudai usafishaji wa siku nzima.

Kisiwani Mafia kazi hugeuka kabisa. Kuanzia Oktoba hadi karibu Februari potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, hula karibu na uso wa maji upande wa Kilindoni, na wageni huja kuogelea naye. Masharti yanajulikana: hakuna flashi, hakuna kumgusa, na mwogeleaji hukaa kando bila kumkata njia. Madoa meupe ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine, kama alama za vidole, na watafiti humtambua kila mmoja kwa picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Programu inayolinganisha madoa hayo ilitokana na mbinu ya wanaastronomia ya kulinganisha picha za nyota. Ni furaha kubwa kujua kwamba hesabu ya mbingu imefika Kilindoni. Picha zilizopigwa kwa ajili ya wageni hutolewa bure kwa kazi hiyo ya utambuzi, mradi ubavu unaotakiwa uonekane wazi. Utafiti wa mwaka 2015 uliotumia vifaa vya kuwafuatilia kwa sauti ulionyesha kwamba potwe wa Mafia hawahami wote msimu ukiisha. Wengi hubaki maji ya jirani, mbali na macho ya watu. Manahodha na wavuvi nao hupigwa picha wakiwa kazini, na nakala zao hufunikwa kwa plastiki ngumu kabla ya kupelekwa, kwani hewa ya chumvi huiharibu karatasi tupu haraka sana.

Kilwa Kisiwani inadai uvumilivu badala ya ujasiri. Magofu yake na ya Songo Mnara yaliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa huko mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuta za matumbawe na chokaa huliwa na mvua, mizizi na bahari. Picha inayomsaidia fundi wa kuta hizo haina uzuri wa picha ya mtalii: ukuta hupigwa uso kwa uso, rula ikiwa imeegeshwa kando ya ufa, kabla ya masika na baada yake.

Mradi ulio karibu zaidi na moyo wa kazi hii haukuhitaji safari. Tarehe 20 Desemba 2011 mvua kubwa ilianza kunyesha Dar es Salaam na Mto Msimbazi ukafurika Jangwani, bonde linaloitenga Upanga na Magomeni. Makumi ya watu walipoteza maisha jijini, na maelfu wakaachwa bila makazi. Maji yalipopungua, watu walirudi kutafuta magodoro, sufuria, vyeti na albamu. Albamu ndizo zilizofika Upanga, kwenye ndoo na mifuko ya rambo, picha zikiwa zimegandana na kujaa tope.

Picha zilizogandana hazibanduliwi zikiwa kavu, wala hazianikwi kwenye jua kali. Huloekwa kwenye beseni la maji safi ya baridi, hubadilishiwa maji mpaka tope liishe, kisha hutenganishwa taratibu kuanzia pembeni, bila kidole kugusa uso wenye picha. Veranda ilijaa beseni, na kamba ya nguo ikajaa picha zilizobanwa kwa vibanio kwenye ncha nyeupe: maharusi wa miaka ya 1970, mtoto kwenye kiti cha studio, kaka wawili wamevaa suti za aina moja. Rangi ikilowa sana huanza kuteleza, na uso wa mtu unaweza kupotea ndani ya dakika chache. Picha ya namna hiyo ilipigwa upya kwa kamera ingali ndani ya beseni, kabla haijainuliwa. Zilizopona zilipigwa pia, zikasafishwa nakala mpya na kutiwa kwenye bahasha zenye majina. Familia nyingi zilikuwa zimehamishiwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji, na bahasha zikapelekwa huko. Mzee mmoja alipokea picha ya mkewe marehemu, akauliza bei yake mara mbili, akiamini kwamba hakusikia vizuri mara ya kwanza.

Kazi ya kujitolea haiko nje ya sheria kwa kuwa haina malipo. Ndege nyuki haziruhusiwi kurushwa bila kibali, na hifadhi za taifa zina masharti yake kwa picha za biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeipa nguvu desturi ambayo mpiga picha mwadilifu alikuwa nayo tayari: kuomba ridhaa, kueleza picha itatumika wapi, na kumuuliza mzazi kabla ya kumpiga picha mtoto. Anayekataa anaachwa kwa heshima, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani.

Fedha ya kazi hizo hutoka kwenye kazi za kulipwa. Gharama ya kusafisha picha na kuzifikisha kwa wenyewe huwekwa kwenye ankara ya mteja kwa mstari wake, tangu makubaliano ya kwanza, na mashirika yanayotaka picha za wanakijiji kwa ripoti zao huelezwa kwamba mstari huo haufutwi. Wachache wamekwenda kwa mpiga picha mwingine kwa sababu hiyo. Nakala za picha hukaa kwenye diski mbili, moja Upanga na nyingine nje ya Dar es Salaam. Daftari huandika jina la aliyepigwa, mahali, tarehe, simu kama anayo, na siku picha ilipomfikia. Ambapo safu hiyo ya mwisho ni tupu, bahasha hupelekwa ofisi ya serikali ya kijiji au kwa balozi wa mtaa, na anayekwenda upande huo, awe dereva, mwalimu au nahodha, huombwa aulizie.