Mkalimani Si Msemaji: Nilichojifunza Katika Shahada ya Lugha ya Alama

Kila ninapoeleza kwamba, nikiwa tayari na shahada ya uzamili na kazi ya kufundisha, nilirudi kusoma shahada ya kwanza ya ukalimani wa lugha ya alama, tena kwa sehemu kubwa kupitia mtandao, huulizwa maswali mawili. La kwanza ni hili: ulikuwa unatafuta nini? La pili huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: hivi kweli lugha ya mikono inaweza kusomwa kwenye kompyuta? Swali la pili ni jepesi, nami nitalijibu. La kwanza limenichukua miaka mingi kulijibu mbele za watu.

Baba yetu alifariki mwaka 1994, nami nikiwa na miaka 15. Tulikuwa tukiishi kijijini, wilaya ya Nzega. Dada yangu, aliyenizidi miaka tisa, ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea uwezo wa kusikia angali mtoto mdogo. Katika ukoo mzima mimi ndiye niliyeelewana naye vizuri, kwa alama alizokuja nazo kutoka shule ya bweni, na nyingine tulizozitunga wenyewe jikoni na shambani. Watu walinisifu: "Huyu ndiye mdomo wa dada yake." Nilijivunia sifa hiyo bila kuipima.

Baada ya arobaini, wazee waliketi chini ya mwembe kugawa alichoacha marehemu. Palikuwa na majaruba matatu ya mpunga bondeni, ambayo dada alikuwa ameyalima pamoja na mama kwa misimu mingi. Pendekezo lilikuwa yauzwe, na fedha zilipe ada yangu ya sekondari. Baba mdogo, aliyeongoza kikao, akaniambia, "Mwanangu, muulize dada yako anasemaje."

Nilimuuliza. Akajibu kwa alama zilizo wazi kabisa: majaruba ni yangu, mimi ndiye ninayelima, msiyauze. Alirudia mara mbili. Nikageuka, nikawaambia wazee, "Anasema ni sawa, mdogo wangu akasome."

Wazee walitabasamu. Walimsifu kwa moyo wake mwema, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Majaruba yaliuzwa, nami nikasoma. Kila cheti nilichonacho kimesimama juu ya sentensi ile moja ya uongo.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Marekani kufundisha Kiswahili. Jioni moja nilihudhuria mhadhara wa hadhara ambapo profesa mmoja kiziwi aliinuka kuuliza swali. Halikuwa swali la adabu. Mkalimani aliyekuwa mbele yake aliyatamka maneno yale makali kama yalivyo, kwa nafsi ya kwanza: "Mimi sikubaliani nawe, na nadhani hukusoma ulichopaswa kukisoma." Hakuyalainisha, hakutabasamu kuomba radhi, wala hakusema "yeye anasema". Msemaji alimjibu profesa, si mkalimani. Usiku ule sikulala.

Nikaanza upya. Kwanza nilisoma Lugha ya Alama ya Marekani kwa miaka miwili katika chuo cha jamii, kwa kuwa programu ya ukalimani haimfundishi mtu lugha kutoka mwanzo. Inataka aingie akiwa anaijua. Alama zangu za Nzega hazikunifikisha mbali. Wengi hudhani kwamba viziwi wa dunia nzima wana lugha moja. Si kweli. Hata Uingereza na Marekani, zinazosema Kiingereza kimoja, zina lugha za alama tofauti kabisa. Ile ya Marekani ina undugu zaidi na ya Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi Mfaransa, alishiriki kuanzisha shule ya viziwi huko Hartford mwaka 1817. Na alama za Marekani zikaja Afrika pia, hasa kupitia Andrew Foster, Mmarekani mweusi kiziwi aliyehitimu Gallaudet mwaka 1954, kisha akafungua shule nyingi za viziwi barani kuanzia Ghana mwaka 1957.

Sasa nijibu swali la kompyuta. Masomo yetu yalikuwa hivi: kwa wiki nzima tulisoma makala na kutazama video za viziwi wakizungumza mambo ya kawaida, yaani hospitali, kodi ya nyumba, mtoto aliyegoma shule. Mijadala ya darasa hatukuiandika. Kila mmoja alijirekodi kwa alama na wenzake wakamjibu kwa alama. Jioni mbili kwa wiki tulikutana mubashara, wanafunzi kutoka majimbo mbalimbali, kila mmoja katika kisanduku chake. Tulijifunza mambo ambayo huonekana madogo: taa ikae mbele yako, si nyuma, nguo isiwe na maua na itofautiane na rangi ya ngozi. Wenzangu weupe walivaa nyeusi. Mimi nilivaa shati la rangi hafifu ili mikono yangu ionekane.

Kujirekodi kuna faida ambayo darasa la kawaida halina. Kosa halipiti. Unaweza kulirudisha mara kumi, na mwalimu anaweza kukuonyesha sekunde ile hasa ulipopotea. Mmoja wa wahadhiri wangu, kiziwi, aliwahi kunirudishia kazi akisema: "Mikono yako inauliza, lakini uso wako unatoa taarifa." Katika lugha ile nyusi ni sarufi. Swali la ndiyo au siyo huinua nyusi. Swali la nani, wapi na kwa nini huzikunja. Asiyejua hilo hutazama mikono tu na kuikosa nusu ya lugha.

Lakini mtandao una mpaka, na waliopanga programu ile waliujua. Lugha ya alama hutumia nafasi mbele ya mwili, na skrini huibana nafasi hiyo ikawa bapa. Ndiyo maana kila kiangazi tulitakiwa kufika chuoni kwa wiki kadhaa, na humo hapakuruhusiwa sauti, hata wakati wa chakula. Ndiyo maana pia muhula wa mwisho ulikuwa wa mazoezi kazini, chini ya mkalimani mwenye ithibati katika mji ninaoishi. Sehemu kubwa ilikuwa mtandaoni, si yote. Anayekuuzia shahada ya ukalimani ambayo hutakutana ndani yake na kiziwi hata mmoja ana kwa ana, anakuuzia karatasi.

Jambo lililonivunja lilikuwa somo la maadili. Marekani nayo ilianza na wakalimani wa aina yangu: watoto wa viziwi, wachungaji, walimu, majirani wenye huruma. Chama chao, RID, kilianzishwa mwaka 1964 katika mji wa Muncie, Indiana, na baadaye kikajiwekea kanuni za maadili. Mkalimani hutunza siri. Hufikisha ujumbe wote, kwa roho ile ile ya aliyeusema. Hutangaza mgongano wa maslahi, na hujiondoa inapobidi. Sheria ya mwaka 1990 ya Wamarekani wenye ulemavu ilileta dhana ya mkalimani aliyehitimu, na kanuni zake zikamfafanua kuwa ni yule anayeweza kukalimani kwa ufasaha, kwa usahihi na bila upendeleo. Mwaka 2010 kanuni hizo zikasema wazi kwamba mtoto mdogo asitumiwe kuwa mkalimani isipokuwa katika dharura. Mwaka 2012 RID ilianza kumtaka mtu anayesikia awe na shahada ya kwanza, au sifa zinazolingana nayo, kabla ya kufanya mtihani wa vitendo wa ithibati.

Tulisoma pia nadharia ya Robyn Dean na Robert Pollard, inayochambua mambo yanayomlemea mkalimani akiwa kazini. Mengine hutoka katika mazingira, mengine katika uhusiano wa watu waliopo, mengine katika namna mtu anavyozungumza. Na mengine hutoka ndani ya mkalimani mwenyewe: njaa yake, hofu yake, tamaa yake. Tulipewa kazi ya kueleza tukio ambalo mkalimani alikuwa na maslahi. Wenzangu walieleza mambo waliyoyasikia. Mimi nilieleza majaruba matatu. Mhadhiri yule kiziwi hakunilaumu wala kunifariji. Alinirudishia video fupi yenye swali moja: "Dada yako alifanya nini walipompa mkono?"

Sikujua. Sikuwahi kumuuliza.

Nilipohitimu nilirudi nyumbani, ambako sasa ninafundisha. Kikao cha ukoo kilipoitishwa kwa jambo jingine, niliomba nafasi. Sikumkalimania dada. Nilitafuta mkalimani kutoka mjini, mtu asiyetujua, nikamlipa, nikaketi upande wa pili. Mbele ya baba mdogo, ambaye sasa ni mzee sana, nilisema nilichokifanya. Mkalimani aliwasilisha yote kwa dada, neno kwa neno. Kisha akatoa sauti ya dada:

"Nilijua siku ile ile. Kama maneno yangu yangewafikia, wangekasirika. Walitabasamu. Waliponipa mkono nikajua hayakufika. Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu pekee. Ningekushtaki kwa nani, na kwa mdomo wa nani?"

Kikao kilikaa kimya. Majaruba yale yana mwenyewe mwingine, hayarudi. Nilinunua mengine karibu nayo, na dada akadai karatasi ya mauziano iandikwe jina lake, akaisoma mwenyewe mstari kwa mstari kabla ya kutia saini. Hakunishukuru, wala sikustahili shukrani.

Nimeeleza haya si kwa ajili ya kutubu hadharani. Nimeyaeleza kwa sababu sentensi ya dada yangu ni hoja ya kisiasa. Anayesema kwa niaba ya mwingine ana mamlaka juu yake, na mamlaka yasiyo na mafunzo, maadili wala pa kuyashtaki huishia kuwa wizi, hata mikononi mwa ndugu anayekupenda.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 9 inataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Jirani zetu Wakenya wamekwenda mbali zaidi: Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 120, inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Lakini neno "mkalimani" katika sheria halimzai mkalimani. Lazima mtu amfundishe, amtahini, na amwajibishe.

Nani amfundishe, na wapi? Ndugu wa viziwi wanaoweza kuifanya kazi hii vizuri wametawanyika Kigoma, Lindi, Simiyu, na wengi hawawezi kuacha familia kwa miaka mitatu. Kwao elimu ya masafa ndiyo mlango, nayo si ngeni kwetu: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kina vituo mikoani. Programu ya ukalimani ya namna hii inawezekana, kwa masharti yale niliyoyaona: wahadhiri viziwi wawe na sauti kamili, wiki za kukutana ana kwa ana ziwe za lazima, mazoezi yafanyike chini ya mkalimani mzoefu, na serikali ibebe gharama ya intaneti, kwa maana video hula kifurushi kuliko maandishi. Na wale ambao wamekalimani kwa miaka ishirini bila cheti wasifungiwe nje. Uzoefu wao upimwe na kutambuliwa.

Hayo ni ya kesho. La leo ni dogo, na ninyi watumishi wa umma mnaweza kulianza bila bajeti. Kiziwi akifika ofisini kwako, kituoni, hospitalini au barazani akiwa ameongozana na mtoto, usimgeukie mtoto ukasema, "Muulize anasemaje." Kama kiziwi anajua kusoma, mwandikie. Mwulize yeye anamtaka nani amkalimanie. Kama jambo ni zito, la ardhi, la ndoa, la matibabu au la kesi, ahirisha hadi apatikane mkalimani asiye na maslahi. Na jibu likija jepesi kupita kiasi, likiwafurahisha wote waliopo, mtazame usoni mwenye maneno kabla hujampa mkono.