Vikopo vya Saa Sita Mchana

Boti iling'oa nanga Malindi, Unguja, asubuhi kwenda Pemba, na mpaka tunaikaribia Nungwi bado tulikuwa tunataniana. Tulipoipita, utani ukakatika. Mkondo ule una habari zake. Ni pande hizo MV Spice Islander ilikozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na wazee waliokaa mbele yangu walianza kuvuta uradi bila kuambizana. Sisi wanafunzi wa udaktari kutoka Bara, mabegi yamejaa vitabu vya afya ya jamii, tuligawiwa mifuko ya kutapikia. Yangu niliitumia kabla sijaiona Pemba kwa macho.

Bandarini Mkoani tulishuka hoi. Barabara ya kwenda Chake Chake inapanda na kushuka: kilima kina mikarafuu, bonde lina mpunga, kisha kilima tena, na pembezoni karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, harufu inakufuata hadi ndani ya gari. Nilikuwa nimezoea Zanzibar ya kwenye kalenda, mchanga mweupe na minazi. Kisiwa hiki cha vijito sikukitarajia.

Mwalimu wetu, aliyekaa na dereva, aligeuka akatuuliza kama tumeona maji. Tukasema tumeyaona. "Basi somo lenu mmeshalianza," akasema.

Kichocho hakiishi baharini. Konokono anayekilea anataka maji baridi yasiyo na chumvi, ndiyo maana kusini-mashariki mwa Unguja, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe isiyo na vijito, ugonjwa huu ni nadra, na Pemba ukawa wa kila bonde. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamwingia konokono, vinazaliana humo, kisha vinatoka kutafuta ngozi ya binadamu. Havihitaji jeraha. Mtoto anayeoga, mama anayefua, mkulima aliyesimama kwenye mpunga, wote ni mlango. Minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu na kutaga. Haya tulikuwa tumeyakariri darasani na mtihani tumefaulu.

Siku ya kupima kichocho skulini tulifika mapema tukiwa na vikopo, tukaambiwa tutulie. Mkojo wa kipimo hiki huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Tukasubiri. Watoto waliojua zaidi yetu, kwa kuwa wamepimwa tangu darasa la kwanza, walitufundisha namna ya kupanga foleni na mahali pa kuweka meza ili upepo usipeperushe karatasi. Vikopo viliporudi, vingi vilikuwa safi. Kimoja kilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea nyama. Mwenyewe, mvulana wa miaka kumi hivi, alikikabidhi bila aibu wala hofu, akakimbilia mpira.

Kwenye hadubini niliona yai la kwanza: refu kidogo, lenye mwiba nchani. Theodor Bilharz aliiona minyoo yenyewe Cairo mwaka 1851. Tangu hapo tumejua mengi, na Pemba yenyewe ina maabara yake, ile ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000. Dawa nayo ipo. Praziquantel ni vidonge vikubwa, vichungu, na idadi yake hupimwa kwa ubao wenye alama: mtoto anasimama, urefu wake ndio unaosema ameze vingapi. Nilicheka kuwaona wakikunja magoti ili wapunguziwe. Wanakula kwanza, la sivyo tumbo litawasumbua. Dawa huua minyoo mikubwa. Ile michanga inaponea, na mtoto akirudi mtoni anaanza upya.

Hapo ndipo kazi yetu sisi ilipopangwa: elimu. Tulikuwa na mabango yaliyochorwa vizuri, mto na alama nyekundu ya kukataza. Tukaenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa eneo lile, yaani shehia, tukaamkia, tukajieleza. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Mmekuja kuchukua mkojo, au mmekuja na kitu?"

Bondeni tulimkuta mama anafua, maji yamemfika magotini. Mwenzangu akakunjua bango na kuanza. Mama akamaliza kukamua shuka, akajibu kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Wanangu, kichocho nakijua, kimenipata mimi na wanangu wote. Bomba lipo pale juu. Nendeni mkalitazame."

Maneno yake yalinikumbusha utafiti mkubwa uliofanyika Unguja na Pemba kati ya 2012 na 2017. Shehia zote zilipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Nyingine zikaongezewa kuua konokono, nyingine elimu pamoja na mahali pa kufulia. Kichocho kilipungua sana, ila hakikuisha, na nyongeza zile hazikuonyesha tofauti kubwa kuipita dawa peke yake. Wapo wanaosoma matokeo hayo wakaona elimu haina maana. Mimi nayasoma vingine: ukimwambia mtu aache mto, lazima uwe na jibu la nguo zake zitafuliwa wapi, kila siku, mwaka mzima. Chuoni hilo tuliliita suala la wahandisi, tukarudi kwenye mzunguko wa maisha ya minyoo, ambao sijawahi kuulizwa na mgonjwa yeyote.

Kikao cha majumuisho kilifanyika barazani kwa sheha. Michoro yetu ya mayai aliipitisha haraka, akasimama kwenye ramani aliyoichora mwenzetu mmoja kwa penseli, yenye vivuko, vijito na mabomba. Akaiomba. Akauliza mbona haionyeshi bomba lipi linatoa maji na saa ngapi, maana kwa ramani tupu mamlaka zitamjibu kwamba shehia yake ina mabomba ya kutosha. Mwalimu akatugeukia kuuliza nani atabaki kuifanya kazi hiyo. Wengi walikuwa na boti ya kuwahi. Tuliobaki tuligawana usiku kwa zamu, na bomba la juu ya bonde lilianza kutoa maji saa saba usiku, likakauka kabla ya alfajiri. Tukaandika saa zote mbili kwenye ramani, tukampa sheha.