Picha Moja Ilitangulia

Kazi yetu ya kila siku ni picha za pasipoti. Sisi ni mume na mke, na kwa miaka kumi na minne tumekuwa na studio ndogo Moshi mjini, chumba kimoja chenye pazia la bluu upande mmoja na jeupe upande wa pili. Wanafunzi huja wanapojiunga na kidato cha kwanza, vijana huja wanapotafuta ajira, na Jumamosi tunapiga picha za harusi na kipaimara. Kazi hii imetulisha na kutusomeshea watoto, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Wako wateja wa aina moja ambao hatujawazoea mpaka leo. Huja asubuhi na mapema, mara nyingi wawili wawili, na mkononi wameshika kitambulisho cha taifa cha mtu aliyefariki usiku. Wanaomba ile picha ndogo ikuzwe, itiwe kwenye fremu, ibebwe mbele ya jeneza. Picha ya kitambulisho ni ndogo mno. Ukiikuza, uso hugeuka vidoa, na macho hupoteza uhai. Tunafanya tunavyoweza. Lakini si mara moja tumemwona mtoto akiitazama ile fremu na kusema kwa upole, "Baba hakuwa hivi."

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuwapiga picha wazee wa usharika wetu, wenye miaka 75 na zaidi, wakiwa hai na wakiwa nyumbani kwao. Kwa miaka miwili, Jumapili alasiri, tulipanda mlimani tukapita katika migomba na mibuni, nyumba kwa nyumba. Hatukutoa kamera kwenye mfuko mara tulipofika. Tulisalimia, tukanywa chai, tukasikiliza habari za magoti na za wajukuu walioko Dar es Salaam. Kisha tulimwomba mzee akae karibu na mlango, mahali mwanga wa nje unapoingia taratibu, nasi tukangoja. Tulijifunza kwamba mikono ndiyo inayotangulia kutulia. Mikono ikitulia, uso nao hutulia.

Tulipofikisha wazee 32, mchungaji wetu aliziona baadhi ya picha kwenye simu. Alisema zitundikwe katika ukumbi wa usharika, Jumapili ya mavuno, watu wote wazione. Tuliitika kwa furaha. Furaha hiyo ilidumu kama siku tatu.

Kupiga picha ni jambo moja. Kumwambia mtu, "Njoo utazame," ni jambo jingine. Aliyekuja kwetu kutaka picha ya pasipoti anajua anachotaka, analipa, anaondoka. Anayealikwa kwenye maonyesho anakuja kuangalia moyo wako umeona nini. Usiku, watoto wakishalala, tulizipanga picha za majaribio juu ya kitanda tukasimama kuzitazama. Kamera yetu ilitosha kabisa: faili lake lina nukta 6000 kwa 4000, na kwa karatasi ya sentimita 30 kwa 45 hizo ni zaidi ya nukta 300 kwa kila inchi. Mashine haikuwa na shida. Shaka yetu ilikuwa juu ya watu wawili waliosimama kando ya kitanda.

Rafiki mmoja aliyesomea sanaa alipita nyumbani akaziangalia. Akasema, bila nia mbaya, "Hizi ni kama picha za vitambulisho, ila zimekuzwa." Alipoondoka tulikaa kimya muda mrefu. Mmoja wetu akasema tumwambie mchungaji kwamba bado hatujawa tayari, labda mwaka ujao. Mwenzake hakupinga.

Tulijaribu kujipa moyo kwa njia za kawaida. Tulisoma habari za Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, akawa anawapiga picha wateja waliokuja na nguo zao nzuri ili wapate picha ya kuwatumia ndugu. Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa Paris, na watu wa mbali wakasimama mbele yake kwa heshima. Zilikuwa picha za wateja tu, watu wa mtaani kwake. Habari hizo zilitusaidia kichwani, lakini usiku hofu ilirudi vilevile.

Tukasoma pia sura ya nne ya kitabu cha Kutoka, pale Musa anapomweleza Mungu kwamba yeye si mtu wa maneno. Tulikuwa tumezisikia hubiri nyingi juu ya udhaifu wa Musa. Safari hii tuliona jambo jingine: Mungu hakumponya ulimi. Alimpa Haruni. Katika kazi yetu, mmoja wetu anaujua mwanga na lenzi, lakini mbele ya wageni hukosa la kusema. Mwenzake hawezi kupima mwanga, ila bibi yeyote atamfungulia mlango na kumsimulia maisha yake yote. Kila mmoja, akiwa peke yake, angekuwa na sababu nzuri ya kukataa. Sura ya 31 ya kitabu hichohicho inamtaja Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi za dhahabu, mawe na mbao, naye pia hakuachwa peke yake, alipewa Oholiabu. Tulizungumza juu ya hayo mpaka usiku wa manane. Hata hivyo simu kwa mchungaji ilikuwa bado inasubiri kupigwa.

Zikiwa zimebaki siku kumi, alifariki mzee mmoja kati ya wale 32. Ujana wake wote alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa. Siku tulipomtembelea alikuwa amelitoa tarumbeta lake kwenye sanduku, akalipangusa kwa shati, akalilaza mapajani. Hakulipuliza, pumzi ilikuwa imekwisha. Tulimpiga picha hivyo, mikono yake miwili juu ya shaba, akitazama nje mlangoni.

Binti yake alikuja studio asubuhi. Mkononi alikuwa na kitambulisho. Kabla hajakitoa kwenye bahasha tulimwambia, "Dada, iko picha nyingine." Tuliifungua kwenye kompyuta. Alishika meza. Kisha akasema, "Huyu ndiye baba."

Siku ya mazishi mjukuu aliibeba ile picha mbele ya jeneza kutoka nyumbani hadi kanisani, kisha kurudi kihambani alikozikwa. Tulisimama nyuma, kama waombolezaji wengine. Tuliwaona watu wakiinama karibu na ile fremu, wakielekeza kidole kwenye tarumbeta, wakikumbushana sikukuu za Pasaka za zamani, alfajiri, matarumbeta yakilia makaburini. Wengine walicheka huku wakilia. Katika umati ule wote, hakuna aliyeuliza nani amepiga picha hiyo, wala kama aliyeipiga anastahili.

Tulirudi nyumbani tukitembea. Njiani mmoja wetu alisema, "Maonyesho yameshaanza." Lilikuwa neno la kweli. Ile hofu ya usiku ilikuwa imejaa sisi: tutaonekanaje, tutasemwaje, tumesoma wapi. Katika msiba ule hapakuwa na nafasi ya maswali hayo. Picha ilikuwa mali ya binti aliyeshika meza, na mali ya watu waliokuwa na hamu ya kumwona mzee wao mara moja zaidi. Kuizuia kwa sababu sisi tunajiona wadogo kungekuwa ni kumnyima mwingine kilicho chake. Mchungaji hakupigiwa simu ile.

Siku zilizobaki zilikuwa za kazi. Fundi seremala wa mtaa alitengeneza fremu. Chini ya kila picha tuliandika jina kamili, kwa herufi kubwa. Jambo hilo tulilitilia mkazo kwa sababu maalumu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, nao walipiga picha nyingi ambazo zimehifadhiwa Ujerumani hadi leo. Katika baadhi ya zile tulizoziona, maelezo hutaja kabila au kazi ya mtu, jina halipo. Huenda ni babu wa mtu anayekaa nasi benchi moja kanisani, lakini hatuwezi kumwita. Yesu alisema mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Ukumbi wa kanisa usingepaswa kuwa na uso usio na jina.

Katika kumbi kubwa, picha hutundikwa ili katikati yake iwe karibu sentimita 145 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Tulishusha zetu hadi 120, kwa kuwa wageni wetu wakuu wamepinda migongo, na wengine wangekuja kwa viti vya magurudumu. Picha ya mpiga tarumbeta tuliiweka ya kwanza, karibu na mlango.

Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, watu waliingia ukumbini wakati ndizi, mahindi na kuku wakinadiwa nje. Bibi mmoja wa miaka 88 aliletwa na wajukuu wake mpaka mbele ya picha yake. Aliitazama kwa muda mrefu hata tukaanza kuogopa. Tukamsogelea, "Shikamoo Bibi, umeipenda?" Hakujibu swali letu. Alisema, "Wanangu, kumbe nimefanana na mama." Mama yake alifariki yeye akiwa msichana, na hakuacha picha hata moja. Tangu hapo, alituambia baadaye, uso ule ulikuwa umeanza kumtoka akilini.

Shaka haijatuacha moja kwa moja. Tukialikwa mahali pengine, huenda tukasimama tena usiku kando ya kitanda. Lakini sasa tunajua swali la kuuliza. Kama wewe msomaji una wimbo uliouficha, au ushonaji, au maneno ya faraja unayoona hayatoshi, usianze kwa kujipima. Uliza kwanza: ni nani anayekingojea? Pengine yuko njiani anakuja, asubuhi na mapema, bahasha mkononi.