Kabla Hujalipia Fremu

Bomani, Tarime

Mwanangu Mwita,

Sisi wazima, ila baba yako analalamikia goti, na mvua za safari hii tope lake linaganda kwenye viatu kama ugali wa mtama. Bibi yako amesikia habari ya duka la viatu na nguo za mbio unalotaka kufungua, akauliza kama sasa hata kukimbia kunauzwa. Tumecheka, lakini amefurahi. Barua hii msomee na huyo mwenzako unayetaka kushirikiana naye.

Unasema tangu mwanariadha wetu Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, kila kijana anataka raba. Kweli, asubuhi nawaona barabarani. Na kwetu Mara mbio si jambo la jana, Suleiman Nyambui wa Majita alileta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow, 1980. Ila anayeshangilia si lazima awe mnunuzi, baba. Mimi meza yangu ya mitumba imewasomesha dada zako, na wateja wa raba nawafahamu. Mwalimu wa michezo huja michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ikikaribia, anataka jozi nyingi kwa bei ya jumla, na pesa ya shule huchelewa. Kijana anayejinoa kwa ajili ya kujiunga na jeshi anatafuta kiatu kimoja kitakachostahimili changarawe. Wa mgodini Nyamongo, huyo ndiye atakayekuuliza jina la kampuni. Halafu kuna mama aliyeambiwa na daktari atembee. Mguu umevimba, anataka kiatu kipana, rangi hajali. Wauzaji wengi wanampita kwa macho. Mimi namwekea stuli akae, nampimisha jioni, maana mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi, na nahakikisha mbele ya kidole kirefu panabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Huyo hurudi, na harudi peke yake.

Kwa hiyo kwanza uwajue watu wako, mzigo ufuate. Vile viatu vyenye bamba la kaboni unavyovisifia ni vya lami na siku ya mashindano, na povu lake huchoka mapema. Atakayevinunua akavipeleka kwenye njia ya changarawe atakurudia na maneno.

Ukichagua mitumba usidanganywe na weupe, maana viatu huoshwa. Viweke sakafuni uvitazame kwa nyuma, kilichoegemea upande mmoja kiache. Bonyeza povu la ubavuni, kama limejaa mikunjo na halirudi, limekufa. Tena kiatu kikikaa miaka ghalani huoza bila kuvaliwa. Jirani yangu sokoni aliuza jozi mpya kabisa, haijaguswa, soli ikamong'onyoka mguuni mwa mteja kabla mwezi haujaisha. Kikunje mbele ya mteja mwenyewe, hapo ataamini.

Sasa hili silijadili na wewe. Usipitishe mzigo kwa njia za panya kutoka Isebania, hata bodaboda akuapie vipi. Pita mpakani Sirari, ulipie ushuru, utunze risiti. Mzigo ukikamatwa, mtaji umekwenda, na aliyekupitisha hatakujua tena. TIN haiuzwi, TRA wanaitoa bure, kwa hiyo asikutoze mtu. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi ya mapato, vijana wana asilimia nne kati ya hizo kumi, lakini hutolewa kwa kikundi. Ingia na watu unaojua mama zao.

Na hiyo fremu ya duka unayotaka kukodi ndiyo inayonikosesha usingizi. Wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na ukishalipa unabaki na kuta nzuri zisizo na bidhaa. Anzia mezani kwangu, nusu ya meza ni yako mpaka baada ya michezo ya shule. Usiniambie utaona aibu kwa sababu umesoma chuo. Jamaa wakija kukopa jozi, binamu zako wakiwemo, waelekeze kwangu niwakatalie mimi. Mimi wameshanizoea.

Njoo Jumamosi, uje na huyo mwenzako nimwone. Na baba yako anauliza namba 43, pana, kwa ajili ya lile goti. Atalipa, nimemwambia.

Shangazi yako,
Robi