Nilisoma Safu ya Mchana Tu

Nilimnyamazisha jirani yangu mbele ya mkutano wa mtaa, na silaha niliyotumia ilikuwa sheria niliyoisoma nusu.

Mama huyo, mjane aliyestaafu, alikuwa amelalamikia karakana ya kusaga plastiki iliyo nyuma ya ploti zetu, huku Kihunguro, Ruiru. Jumamosi moja alasiri nikasimama getini kwake na programu ya simu ya kupima kelele, ikasoma 54. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinaruhusu desibeli 55 mahali penye makazi na biashara pamoja. Nikatangaza mkutanoni kwamba karakana haina hatia.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi sikulalamikia mchana."

Watu wakacheka, nami nikaingia ajenda iliyofuata.

Kiburi changu kilitoka kazini. Nimezeekea kwenye kiwanda cha nguo Thika, mahali ambapo ukitaka kusema na mwenzako unamwonyesha kwa mkono. Kanuni za kelele kazini, za mwaka 2005, zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Aliyezoea 90 akisikia 54 huona ni kimya. Sikujiuliza kila kanuni inamlinda nani. Za kiwandani zinalinda sikio la mfanyakazi lisife. Za mtaani zinalinda usingizi wa mtu aliye kwake, ambaye halipwi kusikia mashine wala hana zamu ya kumaliza akaenda zake.

Baadaye nilipita kwa mama usiku kuchukua mchango wa ulinzi. Magari yalikuwa yamepungua barabarani, na mngurumo ukabaki peke yake. Haukuwa mkali, ulipenya ukutani ukakaa kifuani. Vikombe alivyovitundika kwenye misumari vilikuwa vikigongana vyenyewe. Kitanda alikuwa amekihamishia sebuleni, mbali na ukuta wa nyuma.

Nilirudi kwenye jedwali la kanuni. Kando ya ile 55 imeandikwa 35, kikomo cha usiku, kuanzia saa 2:01 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Tena desibeli hazijumlishwi kama kilo za sukari: kila 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Kutoka 35 hadi 55 ni mara mia. Kanuni hizohizo zinakataza mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja. Mtetemo sikuwa nimeufikiria kabisa.

Niliomba radhi mkutanoni, palepale nilipomwaibisha. Hakuningoja nimalize.

"Andika barua," akasema.

Tuliandikia NEMA na idara ya mazingira ya Kaunti ya Kiambu, maana Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti udhibiti wa kelele. Safari hii tulitaja saa, tukaomba wapimaji waje usiku na vifaa vyao, wapimie chumbani kwa mama.

Mwenye karakana aliposikia kwamba adhabu inaweza kufika faini ya shilingi 350,000 au kifungo cha miezi 18, alianza kuzima mashine saa mbili usiku kabla mpimaji yeyote hajafika. Kumbe ilikuwa inazimika. Muda wote ule, aliyemkinga asiizime ni mimi.